Nilivyomwandikisha Mbuzi Chekechea

Mmenijia na swali lenu la kila Januari, nyinyi walimu wa chekechea mliotoka chuoni juzi: mtoto anayelia mlangoni na kumng'ang'ania mamake, tunamtuliza vipi? Mmekosea nyumba. Mtoto mgumu kuliko wote niliowahi kuwaandikisha hapa Garissa alianza kwa kuniuma kidole. Lakini kaeni, chai ipo, na tangu nistaafu sipati watu wa kunisikiliza hadi mwisho. Mume wangu huzima redio ya masikio yake, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, nikifika katikati.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini. Serikali iliwatoa wenye mifugo porini, ikawaleta kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge. Tuliviita manyatta. Kila manyatta ilikuwa na lango, na lango lilikuwa na askari. Asubuhi linafunguliwa, wenye mbuzi wanatoka kwa pamoja wakisindikizwa, kisha linafungwa. Ukichelewa, mbuzi wako wanashinda zizini wakitafuna kamba walizofungiwa. Jioni sharti wawe wamerudi kabla ya kafyu. Mifugo ilikuwa imebaki michache, mingine imekufa, mingine imechukuliwa, na hiyo michache ndiyo iliyokuwa maziwa ya watoto. Kwa hiyo lango halikuwa mchezo.

Shule yangu ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Nasema "shule" kwa heshima tu. Kilikuwa chumba cha mabati ambacho akina mama wa mjini walikiomba wakakipata, na saa sita mchana ungeweza kuoka mkate humo bila jiko.

Nami nilikuwa nani? Mume wangu alikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, akahamishiwa huku. Mimi nilikuwa nimefanya kazi Nairobi kwenye chekechea ya Montessori, kwa mwalimu mmoja wa Kihindi aliyeitwa Bi Nargis. Niliajiriwa kuosha vikombe. Bi Nargis aliona nasimama mlangoni nikitazama masomo hadi vikombe vinakauka na uchafu wake, akasema afadhali nije ndani. Akanifundisha kukunjua mkeka wa kazi, kubeba kifaa kwa mikono miwili, kuongea kwa sauti ya chini, kumwacha mtoto afanye mwenyewe analoliweza. Nilipoondoka akanipa sanduku la vifaa vilivyochakaa. Nilipanda lori la Garissa nikiwa na kichwa kikubwa kuliko sanduku.

Na jambo jingine mlijue mapema, msije mkasikia kwa jirani. Mimi ni Msomali ninayeogopa mbuzi. Nimezaliwa Nairobi, nimelelewa Eastleigh, mbuzi nilimzoea akiwa kwenye sahani na wali. Macho yake yale yamelala upande, sikuyapenda na hadi leo siyapendi. Kisomali changu nacho kilikuwa cha dukani; kilitosha kununua sukari na kugombana.

Lori lilipofika kizuizi cha barabarani, sajini akafungua sanduku. Akatoa kile kibao kirefu chenye matundu na vizibo vyake vya mbao, kila kizibo na kishikio kidogo juu. Akakishika kizibo mbali na uso, kana kwamba kitalipuka.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni vifaa vya watoto, afande. Wanajifunza kipi kinaingia wapi."

"Nionyeshe."

Basi nikakunjua mkeka wangu juu ya vumbi, nikachutama mbele ya bunduki, nikatoa vizibo kimoja kimoja na kuvirudisha, polepole, bila maneno, kama nilivyofundishwa. Sajini akasema na yeye ajaribu. Akaweka, akakosea, akang'oa, akaweka tena, kikabaki kimoja mkononi na tundu lililobaki halikitaki. Abiria wakaanza kumsaidia kutoka juu ya lori. Mzee mmoja mchuuzi wa majani ya chai akapaza sauti: "Afande, ile nene nakwenda bale mwisho! Toa ile ya bili!"

Mimi nikawaambia wanyamaze, mtoto asisaidiwe kwa jambo analoliweza. Nilisema "mtoto". Sajini akaniangalia sana. Kilichotuokoa ni kwamba kizibo kiliingia wakati uleule, akafurahi akasahau.

Nilipofungua shule, somo la kwanza nikatoa lile la kumimina maji. Mnalijua: sinia, jagi mbili, unamimina kutoka hii kwenda ile bila kumwaga. Watoto wakakaa kimya wakinitazama kwa makini ambayo sijapata kuyaona Nairobi. Moyo ukanijaa. Nikauliza nani atajaribu. Akaja mtoto wa kwanza, akashika jagi kwa mikono miwili, vizuri kabisa, akaiinua akanywa yote. Wa pili akanywa ya pili. Maji ya manyatta yalikuwa yanaletwa kwa mapipa na kila nyumba ilikuwa na sehemu yake, nami nilikuwa nayachezea mbele ya watoto wenye kiu kana kwamba nimekaa juu ya mto Tana. Nikabadilisha nikaweka mahindi. Yakaenda nyumbani mifukoni. Mwishowe nikaweka mchanga, na mchanga haukuchukuliwa na mtu.

Sasa nije kwa Dekha.

Aliletwa na nyanya yake, Ayeeyo Habiba. Ayeeyo ndivyo tunavyomwita nyanya. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye ulimi, na aliniita gabar, yaani msichana, ingawa nilikuwa na watoto wangu wawili. Hakuwa na mtu mwingine wa kukaa na mjukuu wala mtu mwingine wa kuchunga mbuzi. Akinipa mtoto, atawahi lango. Asiponipa, ama mbuzi wafe zizini ama mtoto abaki peke yake nyumbani. Aliyasema hayo amesimama, bila kuomba.

Nami, badala ya kusema karibu, nikauliza mtoto ana umri gani, maana Bi Nargis hakupokea mtoto chini ya miaka mitatu.

"Alizaliwa mvua ya masika ile ngamia wetu mwekundu alipopotea," akasema.

"Huo ni mwaka gani, ayeeyo?"

"Wewe gabar, ngamia mwekundu anapotea mara ngapi?" Akamshika mtoto kidevu, akamfungua mdomo. "Haya, tazama meno mwenyewe."

Mtu mwenye akili angekiri kwamba hajui kusoma meno. Mimi nikainama, nikakunja uso kama daktari, nikatia kidole. Ndipo Dekha akaniuma. Ayeeyo akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Umeona?" akasema. "Meno yametosha." Nikampokea huku nikinyonya kidole.

Kesho yake asubuhi Dekha akaning'inia kwenye guntiino ya nyanya yake, ile nguo ya kufunga begani, na akalia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinasimama. Hakuwa mtoto wa kudeka. Alikuwa akilia kama mtu anayeona ajali. Nami nilikuwa na dawa tayari, kanuni ya Bi Nargis: mzazi aage kwa ufupi, aondoke, asigeuke nyuma. Ukigeuka mtoto anapata tumaini na kilio kinaongezeka.

"Ayeeyo, nenda! Usigeuke!" nikaamuru.

Mama wa watu akaenda asigeuke. Mtoto akapoteza sauti kwa kulia. Ayeeyo alipofika langoni akakuta wamefunga.

Tukafanya hivyo siku baada ya siku. Niliona ni suala la uvumilivu, na uvumilivu wa kutumia machozi ya mtoto wa mwingine ni rahisi sana. Dekha akishalia, alikaa kwenye kona akitazama mlango, hagusi mkeka, hagusi kifaa, hanywi uji. Ayeeyo alizidi kuchelewa. Nikawa nasikia mazungumzo yake langoni, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni.

"Afande, fungua kidogo tu. Mbusi yangu nakufa."

"Umechelewa, mama. Kila siku wewe."

"Mtoto nalia, afande. Nifanye nini?"

Mbuzi wake mmoja akafa zizini. Kisha mwingine. Asubuhi ile hakuniita gabar wala hakunitania. Alikaa kwenye kizingiti changu na mtoto magotini, akaniambia kwamba hataweza tena, atamchukua mjukuu na kumbeba mgongoni porini, na kama jua litamshinda basi Mungu anajua.

Nikamwambia avumilie kidogo, aage haraka haraka tu, asigeuke.

"Hivyo ndivyo mamake alivyofanya," akasema.

Akanieleza hapo hapo. Siku walipoamriwa kuhamia manyatta, mamake Dekha alikwenda kumtafuta mumewe aliyekuwa na ngamia upande wa mbali. Akamwambia mtoto narudi sasa hivi, akaenda kwa haraka, asigeuke ili mtoto asimfuate. Hakuonekana tena. Hawakujua kama yu hai.

Jamani. Niliona aibu mpaka miguuni. Kila asubuhi nilikuwa nikimwigizia yule mtoto siku ile upya, na nikaiita Montessori. Bi Nargis hakuwa na kosa. Yeye kanuni yake aliitoa kwenye mtaa ambao mama akienda kazini hurudi saa kumi na chokoleti mkononi. Mwenye kosa ni mimi niliyeibeba bila kutazama nimefika wapi. Ndiyo maana nawaambia, kabla hamjamwambia mtoto asilie, ulizeni mtu wa mwisho kumuaga alikuwa nani na ikawaje.

Sasa mnangoja niwaambie mbinu niliyobuni. Sikubuni kitu.

Nilimwomba ayeeyo siku chache zaidi, akanipa, sijui kwa nini. Katika siku hizo mbuzi wake mmoja akazaa. Mwanambuzi alikuwa dhaifu, hawezi mwendo wa malishoni. Asubuhi ayeeyo akaja mbio, fimbo kwapani, mwanambuzi mkono huu, Dekha mkono ule, na lango linapigiwa filimbi. Akatazama mikono yake, akatazama lango, akanisukumia mwanambuzi kifuani.

"Shika!"

Nikapiga ukelele. Wanangu, nilipiga ukelele mbele ya darasa zima, mimi niliyewafundisha kuongea kwa sauti ya chini. Nikamwambia ayeeyo wanyama hawaruhusiwi shuleni, lakini alikuwa ameshafika langoni na mbuzi wake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akapita. Mwanambuzi akanikojolea. Nikamtua chini haraka, nikageuka kutafuta kitambaa, na ndipo nikasikia kitu cha ajabu. Nilisikia kimya.

Dekha alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwanambuzi magotini, anamkanda tumbo. Halii. Macho yake hayakuwa mlangoni. Baadaye akamnywesha maji kwa kiganja, akamtafutia kivuli, na uji wake akaunywa. Mchana nikamsogelea, nikapiga magoti mbali kidogo, kwa sababu ya mbuzi na kwa sababu ya meno.

"Leo hukulia," nikasema.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufundishwa pole pole. "Mamake amekwenda malishoni," akasema. "Maziwa yakijaa, atarudi amnyonyeshe."

"Na ayeeyo?"

"Ayeeyo yuko na mamake."

Wafugaji wote hufanya hivyo, na wote wanalijua ila mimi: watoto wa mbuzi huachwa nyumbani ili mama zao jioni wasipotee porini. Kiwele ndicho kinachowarudisha. Dekha hakuwa na saa, na "narudi sasa hivi" hakuiamini tena. Lakini kiwele alikiamini.

Basi mwanambuzi akaandikishwa. Alikuja kila asubuhi, na ayeeyo akapita lango na wenzake, pengine wa mwisho, lakini akapita. Mwanambuzi alikula herufi zangu za karatasi ya msasa kuanzia a, akaruka b, akaendelea. Alipanda juu ya ule mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi ambao Bi Nargis hakuruhusu hata kuupulizia. Mgeni mmoja wa serikali alipotutembelea akauliza mbuzi ni wa nini, nikamjibu, bila kupepesa jicho, kuwa ni sehemu ya mbinu. Akasifu sana. Nami nikazipokea sifa zote, shati langu likinuka mkojo.

Halafu ikafika alasiri moja ambayo mifugo ilichelewa. Watoto wengine walikuwa wameshachukuliwa. Tulibaki mimi, Dekha na mwanambuzi aliyekuwa analia njaa. Kutoka porini tukasikia mlio wa bunduki, mmoja, halafu mwingine. Askari wa langoni wakaanza kukimbia huku na huku. Akina mama wakatoka nje, kila mmoja anataja jina la mtu wake. Jua lilikuwa linashuka na saa ya kafyu inakaribia.

Mimi nikaingiwa na hofu mbaya. Niliona wazi kitakachotokea: mtoto huyu atapotelewa na mtu wa pili, safari hii akiwa mkononi mwangu, baada ya mimi kumfundisha kutolia. Nikaanza kulia mimi. Nikajifanya napanga kabati.

Dekha akanivuta sketi. "Mwalimu, usilie. Maziwa yameshajaa."

Punde tukasikia kwato, na yule mbuzi jike akaingia mlangoni peke yake, mbio, kiwele kimevimba, akanipita nusura aniangushe. Mwanambuzi akamrukia. Dekha akamtazama mbuzi, kisha akatazama mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu. Niliuona uso wake ukibadilika kidogo kidogo. Nilimshika mkono, akaniachia niushike, na tukautazama ule mlango pamoja.

Kisha tukasikia matusi. Ayeeyo Habiba aliingia akichechemea, ndara moja mguuni na nyingine mkononi, anamtukana mbuzi kwa mama na baba. "Mbuzi gani huyu asiye na adabu! Nimekwenda naye asubuhi, jioni ananiacha kwenye miiba!" Askari msindikizaji, akasema, ameona kanga wa mwituni, akamtamani kwa chakula cha jioni, akafyatua, akamkosa, akafyatua tena, mifugo yote ikatawanyika, na wao wakashinda wakiikusanya. Hivyo ndivyo vita nilivyokuwa nimevililia. Akanikazia macho. "Gabar, nani amekupiga?"

Dekha alikuwa ameshamfikia, ameshika nguo yake kwa mikono miwili. Hakulia hata hapo. Alimwambia nyanya yake kuwa mwalimu aliogopa.

Asubuhi iliyofuata nilitandika mikeka, nikaficha herufi zilizobaki juu ya kabati, nikasimama mlangoni. Akaja Dekha, anatembea mbele, na ayeeyo nyuma yake, fimbo kwapani. Hapakuwa na mwanambuzi.

"Yuko wapi mwenzako?" nikauliza. Nilidhani amekufa.

"Yuko zizini na wenzake," akasema.

"Na wewe utakaa na nani?"

Akafikiri kidogo. "Ayeeyo hurudi," akasema, akanipita, akaenda kuchukua mkeka wake.

Nyanya yake alibaki amesimama kwenye kizingiti, hajui afanye nini na mikono mitupu namna ile. Filimbi ya lango ilikuwa haijalia. Dekha akainua kichwa kutoka kwenye vizibo vyake, akamwona bado yupo, akamwambia, "Ayeeyo, nenda, mbuzi wana njaa." Na siku ile, lango lilipofunguliwa, mbuzi wa Ayeeyo Habiba walikuwa wa kwanza kutoka.